Jinsi ya kudai fidia nchini Kenya ukiwa manusura wa dhuluma za kingono

Wengi huanza na swali la kiasi: nitalipwa pesa ngapi? Swali linalofungua njia ni jingine. Nani anawajibika kulipa, na ana nini cha kulipa? Aliyekudhulumu anaweza kufungwa maisha, korti ikamwamuru akulipe milioni moja, nawe usione hata shilingi kwa sababu hana shamba, hana gari, hana mshahara. Lakini kama alikuwa mwalimu, mlinzi wa kampuni, afisa wa serikali, mlezi katika makao ya watoto au mkubwa wako kazini, nyuma yake kuna aliyemwajiri na kumpa nafasi ya kukufikia. Huyo wa nyuma huwa na akaunti ya benki, na mara nyingine bima. Jibu la swali hili ndilo litakaloamua uende korti gani, umshtaki nani na ukusanye karatasi zipi.

Mwongozo huu ni wa Kenya, kwa mtu mzima aliyedhulumiwa au mzazi anayedai kwa niaba ya mtoto. Ukihitaji mtu wa kuzungumza naye wakati wowote, piga 1195, au 116 kwa mambo ya mtoto. Simu zote mbili hazitozi pesa.

Karatasi za mwanzo

Kama tukio ni la karibuni, nenda hospitali kwanza. Si lazima upitie polisi ndipo utibiwe. Kuanzia polisi ni kosa linalowapotezea watu saa za thamani. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, yaani PEP, hufaa zikianzwa ndani ya saa 72, na humezwa kwa siku 28. Tembe za dharura za kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Usioge wala usifue kabla ya kupimwa. Nguo ulizokuwa umevaa zifunge kila moja peke yake katika karatasi ya kaki, zikiwa kavu. Mfuko wa plastiki hushika unyevu, nguo huota ukungu, na kilichokuwa kipimwe DNA huharibika kabla ya kufika maabara.

Hospitalini utajaziwa fomu ya PRC, yaani ya huduma baada ya ubakaji, ambayo ni ya Wizara ya Afya. Huwa na nakala tatu: moja ya polisi, moja hubaki hospitalini, moja ni yako. Omba yako kabla hujatoka. Manusura wengi huondoka mikono mitupu, kisha miaka mitatu baadaye wakili akiiuliza, hospitali inasema faili haionekani.

Kituoni, taarifa yako huandikwa katika daftari la matukio na kupewa namba ya OB. Namba hiyo huwa na tarehe ndani yake, kwa mfano 27/14/03/2024, na kila barua utakayoandika baadaye itaitaja. Uliza dawati la jinsia. Kama kituo hakina, taarifa yako bado ni halali. Polisi watakupa fomu ya P3, ambayo haiuzwi. Daktari au afisa wa kliniki huijaza akitegemea PRC.

Soma P3 kabla haijarudi kituoni. Tazama kama jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho, kama tarehe ya tukio inalingana na ile ya OB na ya PRC, kama umri ni sahihi, na kama kuna sahihi pamoja na muhuri. Mawakili wa upande wa pili huishi kwa tofauti ndogo hizi: OB inasema tarehe 14, P3 inasema 15, basi shahidi anaitwa mwongo. Andika pia jina la aliyekupima. Wahudumu wa afya huhamishwa, na kesi nyingi husimama kwa miezi kwa sababu hakuna ajuaye aliyejaza fomu yuko kaunti gani sasa. Piga picha karatasi zote na uzihifadhi nje ya simu yako, kwa mfano kwenye barua pepe.

Kwa mtoto, umri lazima uthibitishwe. Cheti cha kuzaliwa ndicho bora. Kikikosekana, kadi ya kliniki au ripoti ya daktari ya kukadiria umri hutumika. Chini ya Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 adhabu ya kunajisi hutegemea umri wa mtoto, na faili lisilo na ushahidi wa umri huyumba hata pale ambapo kila kitu kingine kiko sawa.

Je, ikiwa miaka imepita na hukwenda hospitali? Kukosa jeraha au DNA hakumalizi kesi. Kifungu cha 124 cha Sheria ya Ushahidi kinaruhusu korti, katika makosa ya kingono, kutegemea neno la mwathiriwa peke yake ikiwa hakimu amemwamini na ameandika sababu za kumwamini. Hata hivyo usiende na neno peke yake kama kuna kingine. Mtafute mtu wa kwanza uliyemwambia, hata kama ulimwambia nusu tu. Tafuta ripoti za shule zinazoonyesha alama zilivyoanguka muhula ule, karatasi za matibabu ya kukosa usingizi au ya tumbo lisiloelezeka, barua za kuomba uhamisho. Jumbe za WhatsApp zina uzito, ila picha ya skrini iliyochapishwa haitoshi: kifungu cha 106B cha sheria hiyohiyo kinataka cheti kutoka kwa aliyezitoa, kikieleza zilitolewa kwenye kifaa gani na kwa njia gani. Simu yenyewe usiiuze, wala usiifute.

Polisi wakikataa kuandika taarifa, au wakiandika kisha wasifanye lolote, usiishie kulalamika kwa mdomo. Andika barua kwa mkuu wa kituo, peleka nakala kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendakazi wa polisi, na ugongewe muhuri wa kupokea kwenye nakala yako. Andika tarehe ulizofuatilia na namba ya kazi ya afisa uliyezungumza naye. Barua hizi zina kazi mbili: kusukuma uchunguzi leo, na kuwa ushahidi dhidi ya serikali kesho, kama tutakavyoona chini.

Daftari la hasara

Fidia ina mafungu mawili makubwa, na kila fungu lina ushahidi wake.

La kwanza ni hasara inayohesabika: dawa, vipimo, nauli, ada za ushauri nasaha, siku za kazi zilizopotea, gharama ya kumhamisha mtoto shule, kodi ya nyumba mpya kama ulilazimika kuhama. Kanuni ya korti za Kenya hapa ni kali. Hasara ya aina hii lazima itajwe kwa kiasi kamili kwenye hati ya madai, kisha ithibitishwe kwa karatasi. Ukidai 60,000 ukaleta risiti za 22,400, utapata 22,400. Kwa hiyo anza daftari leo, hata kama hujaamua kushtaki. Safu nne zinatosha: tarehe, kitu, kiasi, uthibitisho. Bodaboda hatoi risiti, lakini ukimlipa kwa M-Pesa, taarifa ya akaunti ni uthibitisho. Kwa anayeuza mboga au kufua nguo za watu, mapato ya siku huonyeshwa kwa taarifa ya M-Pesa ya miezi kadhaa kabla ya tukio, au daftari la chama.

La pili ni maumivu, mateso ya akili, kuvunjiwa heshima, maisha yaliyopinda. Hapa hakuna risiti. Korti hupima kwa busara yake na kwa kuangalia kesi zilizotangulia. Kinachoinua au kushusha kiasi ni ripoti ya mtaalamu wa akili. Ripoti ya mistari mitano isemayo "ameathirika kisaikolojia" haina thamani kubwa. Muombe mwanasaikolojia au daktari wa magonjwa ya akili aandike amekuona mara ngapi, dalili gani amezikuta, zimekuzuia kufanya nini nyumbani, shuleni au kazini, hali itaendeleaje, na unahitaji vikao vingapi zaidi kwa bei gani kwa kikao. Kipengele cha mwisho husahaulika mno. Gharama ya matibabu ya baadaye isipotajwa kwenye hati ya madai, korti haitaitoa, hata kama daktari ataisema kizimbani.

Kiasi gani basi? Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi, katika kesi ya W.J. na mwenzake, wanafunzi wa shule ya msingi walionajisiwa na mwalimu, ilimpa mmoja shilingi milioni 2 na mwingine milioni 3, zilipwe na mwalimu pamoja na TSC, tume inayowaajiri walimu, na serikali. Mahakama ya Rufaa iliafiki mwaka 2020. Desemba 2020, Mahakama Kuu iliwapa manusura wanne wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 shilingi milioni 4 kila mmoja. Hivyo si viwango vilivyowekwa na sheria, ila wakili wako na korti wataanzia hapo wakilinganisha.

Milango, na upi ni wako

Unaweza kupitia zaidi ya mlango mmoja, mradi usilipwe mara mbili kwa hasara ileile.

Mlango wa kwanza uko ndani ya kesi ya jinai yenyewe. Kifungu cha 175 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Jinai kinairuhusu korti iliyomtia mtu hatiani kumwamuru alipe kile ambacho ungekipata ukimshtaki kwa madai. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014, kifungu cha 23, inautaja ulipwaji huo kuwa haki yako, na inahesabu humo matibabu ya mwili na akili, usafiri na malazi. Faida yake ni kwamba hulipi ada ya kufungua kesi. Tatizo ni kwamba amri hizi hutolewa mara chache, na sababu moja ni ya kawaida kabisa: hakuna aliyeomba, na ndani ya faili hakuna tarakimu.

Kwa hiyo omba mapema. Mwandikie kiongozi wa mashtaka, kesi ikiwa bado inasikizwa, kwamba utaomba fidia mshtakiwa akipatikana na hatia. Ambatisha daftari lako na nakala za risiti. Kati ya hukumu na kutolewa kwa adhabu una haki ya kuwasilisha maelezo ya jinsi kosa lilivyokuathiri. Yaandike mapema, kurasa mbili au tatu, yakiwa na mambo yanayoonekana: uliacha shule tarehe fulani, hulali bila taa, ulikosa kazi miezi minne. Muda kati ya hukumu na adhabu unaweza kuwa wiki mbili au dakika kumi, na kama huna karatasi mkononi siku hiyo, nafasi imepita. Mahakama ya Juu ilithibitisha mwaka 2020 kwamba mwathiriwa anaweza kushiriki katika kesi mwenyewe au kupitia wakili wake, bila kugeuka kiongozi wa pili wa mashtaka. Wakili wako anaruhusiwa kusimama akasema, "Tunaomba amri ya fidia, na haya ndiyo mahesabu."

Sheria ya 2014 iliunda pia mfuko wa waathiriwa. Mwombe wakili aulizie, ila usiufanye nguzo ya mpango wako.

Mlango wa pili ni kesi ya madai. Huu ndio unaokuwezesha kumfikia mwajiri, shule, kanisa, hospitali au makao. Hapa huhitaji kuthibitisha bila shaka yoyote, kama kwenye jinai. Unahitaji kuonyesha kwamba ulivyosema ndivyo ilivyoelekea zaidi kuwa. Ndiyo maana mshtakiwa kuachiliwa kwenye jinai hakufungi mlango huu. Na akihukumiwa, mambo ni mepesi zaidi: kwa kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi, hatia hiyo, muda wa kukata rufaa ukiisha au rufaa ikiamuliwa, ni ushahidi usiopingika katika kesi yako. Chukua nakala ya hukumu iliyothibitishwa na korti mara tu inapopatikana.

Dhidi ya taasisi, thibitisha mambo mawili. Kwanza, aliyekudhulumu alikufikia kwa sababu ya kazi waliyompa: funguo za bweni, ratiba ya masomo ya jioni, zamu ya usiku. Pili, ikiwezekana, walijua au walipaswa kujua. Malalamiko ya awali, uhamisho wa ghafla, kikao cha wazazi kilichonyamazishwa. Mwalimu aliyehamishwa kutoka shule moja hadi nyingine baada ya minong'ono ni mfano unaojulikana vizuri nchini, na kwenye kesi ya W.J. ndilo lililoumiza upande wa utetezi: korti ilikataa hoja kwamba mwajiri amemaliza kazi yake kwa kutoa waraka na kumwadhibu mwalimu baadaye, wakati watoto wamekwisha kuumia. Wakili wako aombe korti iamuru faili la nidhamu la mfanyakazi huyo litolewe.

Kabla ya kufungua kesi, barua ya madai hutumwa. Nakala yake huambatishwa pamoja na orodha ya mashahidi, maelezo yao yaliyotiwa sahihi, na nyaraka zako zote. Ombeni pia tangu siku ya kwanza utumie herufi za mwanzo za jina lako badala ya jina kamili. Hukumu za Kenya huchapishwa mtandaoni, na jina likishatoka kulirudisha ni kazi.

Mlango wa tatu ni ombi la kikatiba katika Mahakama Kuu, pale serikali yenyewe inapohusika: afisa wake alitenda, au polisi waliarifiwa wakakaa kimya. Ibara za 28 na 29 zinalinda heshima na usalama wako, ya 53 inamlinda mtoto, na ya 23 inairuhusu korti kuamuru fidia. Ibara ya 22 inasema hakuna ada ya kufungua ombi la aina hii. Mkumbushe karani kwa upole akikuhesabia. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua kwamba polisi waliokosa kuchunguza malalamiko ya wasichana walionajisiwa walivunja haki zao. Hapa ndipo zile barua zenye muhuri na namba ya OB zinapolipa. Katika kesi ya ghasia za uchaguzi, korti ilichunguza kwa kila manusura kama waliomtendea walikuwa maafisa wa serikali, au kama taarifa iliwafikia polisi nao hawakuifanyia kazi. Walioshtaki mwaka 2013 walikuwa wanane. Waliopewa fidia ni wanne, miaka saba baadaye.

Ikiwa ni kazini, nenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa kuhusu unyanyasaji wa kingono. Omba nakala ya sera hiyo kwa barua pepe. Kama haipo, jibu lao au ukimya wao ni ushahidi. Ukifutwa kazi baada ya kulalamika, au ukilazimika kuacha, fidia ya kufutwa isivyo haki inaweza kufikia mshahara wa miezi 12, mbali na fidia ya unyanyasaji wenyewe. Usijiuzulu kwa barua isemayo "sababu za kibinafsi".

Na ikiwa ni mume? Watu huambiwa hakuna kesi, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Kingono inawaacha nje wanandoa. Mlango uko kwingine: Sheria ya Kulinda dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inahesabu dhuluma ya kingono ndani ya ndoa kuwa dhuluma, na kifungu cha 32 kinaruhusu kudai fidia. Unaweza kuomba amri ya kukulinda na fidia kwa pamoja, katika korti ya hakimu.

Saa inayokwenda

Kesi ya madai dhidi ya mtu au kampuni: miaka mitatu tangu tukio. Dhidi ya serikali, kwa madai ya kawaida: miezi 12 tu. Kazini: miaka mitatu. Ombi la kikatiba halina kikomo kilichoandikwa, lakini ukichelewa bila maelezo korti inaweza kukukatalia, kwa hiyo eleza kwenye kiapo kwa nini ulichelewa. Kwa aliyedhulumiwa akiwa mtoto, saa huanza anapotimiza miaka 18. Ukitaka usalama, kwa madai dhidi ya mtu au kampuni hesabu siku ya kutimiza miaka 21 kuwa mwisho, wala usiingoje. Mashtaka ya jinai ya ubakaji au unajisi hayana kikomo cha muda.

Kosa tunaloliona kuliko yote ni kungoja kesi ya jinai iishe ndipo uanze ya madai. Jinai hukokota miaka minne, na kesi ya jinai haisimamishi saa ya madai. Fungua ya madai ndani ya muda, kisha wakili aombe isikizwe baada ya jinai. Muda ukiwa umepita, korti inaweza kuuongeza katika madai ya uzembe, ikiwa kuna jambo la msingi ambalo hukulijua wakati ule, kwa mfano kwamba shule ilikuwa na malalamiko ya awali. Mlango huo ni mwembamba, na humhusu zaidi mwajiri aliyezembea kuliko aliyetenda.

Wakili na pesa zake

Hakikisha jina lake lipo kwenye tovuti ya chama cha mawakili, LSK, na ana leseni ya mwaka huu. Akikwambia hatatoza kitu hadi mshinde, kisha achukue asilimia 30, jihadhari: Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inabatilisha makubaliano ya malipo yanayotegemea ushindi. Taka ada iandikwe. Kama huna uwezo, mashirika ya kutetea haki za wanawake kama FIDA-Kenya, COVAW na CREAW hushughulika na kesi hizi, na kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Kanuni za Mwenendo wa Madai, Agizo la 33, zinakuruhusu kuomba kushtaki kama mtu asiye na uwezo, bila kulipa ada ya korti.

Mbuzi, baraza na "tuyamalize nyumbani"

Wazee watakuja. Watakuja na chifu, na mbuzi, na maneno matamu kuhusu amani ya ukoo. Sheria iko wazi kuliko wanavyosema. Kesi ya kosa la kingono haiondolewi na familia. Uamuzi wa kuisimamisha ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Hata ule utaratibu wa mshtakiwa kukiri na kupunguziwa shtaka kwa makubaliano haukubaliki katika makosa haya. Na anayepokea mali ili afiche kosa kubwa la jinai anatenda kosa mwenyewe chini ya kifungu cha 118 cha Kanuni ya Adhabu. Yaani baba aliyepokea ng'ombe anaweza kusimama kizimbani karibu na aliyemnajisi bintiye.

Mapatano ya halali ni kitu tofauti. Shule au kampuni inaweza kutaka kulipa kesi ya madai ikiendelea, na huenda ikawa busara kukubali. Soma hati yao mstari kwa mstari. Kifungu cha kutotaja kiasi unaweza kukivumilia. Kifungu cha kutotoa ushahidi kortini, cha kuondoa taarifa polisi, au cha kusamehe madai "yote ya sasa na ya baadaye" kikatae. Kikiwa na sahihi yako kitatumika dhidi yako. Tazama pia pesa zinalipwa lini: "ndani ya siku 30, na riba wakichelewa" ndiyo lugha unayotaka. Kwa mtoto, mapatano yaliyofanywa bila idhini ya korti, hata kama mzazi ametia sahihi, yanaweza kutenguliwa. Korti huweza pia kuamuru pesa za mtoto ziwekwe kwa jina lake hadi akue. Wazazi wengi hukasirishwa na hilo. Sisi tunaona ni sawa.

Kupata pesa yenyewe

Hukumu ni karatasi mpaka mtu alipe. Ukiona mdaiwa ameanza kuuza mali kesi ikiendelea, wakili anaweza kuomba mali izuiwe kabla ya hukumu. Baada ya hukumu unaweza kuomba kukamatwa kwa mali, kuzuiwa kwa pesa zilizo benki, au kukatwa sehemu ya mshahara. Kwa kawaida pesa hupitia akaunti ya wateja ya wakili, kwa hiyo andikianeni mapema atakukabidhi ndani ya siku ngapi. Akikaa nazo, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili hupokea malalamiko bila ada.

Serikali ni mdaiwa wa aina yake. Huwezi kupeleka madalali wizarani. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Kesi dhidi ya Serikali kinakataza. Hatua ni hizi, na kuruka moja hukurudisha mwanzo: omba korti cheti cha amri dhidi ya serikali, kipeleke kwa Mwanasheria Mkuu na kwa afisa mhasibu wa wizara husika, upate muhuri wa kupokea, kisha wasipolipa rudi Mahakama Kuu kuomba amri ya kumshurutisha afisa huyo alipe. Akikaidi amri hiyo, ndipo anaposhtakiwa kwa kuidharau korti, yeye binafsi. Hapo ndipo majibu huanza kupatikana.

Mdaiwa ambaye ni mtu binafsi na hana kitu leo, usimfute. Hukumu inaweza kutekelezwa ndani ya miaka 12, na mtu hurithi shamba, huajiriwa, hutoka gerezani. Hifadhi nakala ya hukumu iliyothibitishwa, na mara moja kila mwaka mtume wakili au jamaa unayemwamini akatazame rekodi za ardhi za kaunti ya mdaiwa.